Antivairasi ya kulipia kwa kompyuta ya nyumbani: kuna haja, ama tunaliwa tu?

#1 Klia_wa_Malaba
Wakuu salaam. Nina laptopu ya nyumbani, Windows 10, mke wangu ni mwalimu anaandalia mitihani na maksi humo, watoto wanaangalia filamu, mimi mara moja moja natuma makaratasi ya mizigo. Antivairasi niliyonunua mwaka jana kii yake, yaani namba ya leseni, imeisha, sasa kila nikiwasha kunatokea kibox chekundu pale pembeni, "uko hatarini", nikikifunga kinarudi, mpaka mtoto wa P.2 ananiuliza baba hatari iko wapi. Duka moja Kampala wananiambia kii mpya ya mwaka ni elfu hamsini na tano, mdogo wangu wa chuo anasema niache ujinga, Windows ina ya kwake ya bure. Nani mkweli hapo? Nauliza ya nyumbani, siyo ya benki.

#2 Fundi_Wandegeya
Mdogo wako mkweli. Ndani ya Windows kuna Defender, na tangu Windows 8 ilipotoka 2012 ni antivairasi kamili, siyo ile ya enzi za Windows Vista iliyokuwa inashika programu za upelelezi peke yake. Inajiapdeti yenyewe, haikudai, haikutishi. Wapimaji wa AV-TEST kule Magdeburg, Ujerumani, kwa miaka sasa wanaipa alama za juu pamoja na zile za kulipia. Hiyo elfu hamsini na tano nunulia watoto viatu.

#3 Steshenari_Mbale
Fundi usidanganye watu bwana. Mi nina duka la kutaipu na kuprinti karibu na shule, ngoja nikuambie kinachoingia hapa. Mwanafunzi analeta flashi, unaifungua, kazi yake huioni, unaona shotikati moja tu, ile aikoni ya njia ya mkato, imeandikwa jina la flashi yenyewe, ina KB moja mbili hivi. Unaibonyeza, folda inafunguka na kazi zote zimo kama kawaida, unafurahi unaprinti, kumbe pale ulipobonyeza kile kidudu kimeshajinakili kwenye mashine yako na flashi itakayofuata inaondoka nacho, ya mtoto mwingine, anakipeleka kwao kwa kompyuta ya baba yake. Nimeona mzazi analia hapa kaunta akidhani kazi ya mtoto imefutika yote. Na Defender ilikuwepo muda wote huo, imelala kama askari wa usiku. Nilipoweka ya kulipia ndo nikapumua.

#4 Mtoto_wa_Bombo
Askari wa usiku wa mtaa wetu amesoma hii amekasirika 😂
Mi tangu Windows XP sijaweka kitu, wala ya bure wala ya kulipia, na mashine inawaka kila asubuhi. Hizi ni biashara za kutishana.

#5 Fundi_Wandegeya
@Mtoto_wa_Bombo mzee, kuwaka siyo kupona. Virusi vya zamani vilikuwa vinataka sifa, vinazima mashine unajua umepigwa. Vya siku hizi vinataka iwake, tena iwake vizuri, viibe paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza au vichimbe sarafu za mtandaoni kwa umeme unaolipia wewe. Fungua Task Manager, pale panapoonyesha programu zinazofanya kazi, uone feni inapigia nani kelele.

Mama Mbale, kwa duka lako nakubali kabisa, mashine inayolala na flashi za shule nzima hiyo siyo ya nyumbani tena. Ila ile kazi ya mtoto haikufutika, imefichwa tu. Fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kama flashi ni E andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` kila kitu kinarudi kuonekana, halafu futa ile shotikati. Hakuna pesa hapo.

#6 Steshenari_Mbale
Hiyo attrib naijua, nimeiandika mpaka herufi za kibodi zimefutika. Shida yangu siyo kurudisha, shida ni kwamba kinaingia. Na we unasema nyumbani ni tofauti, mtoto wa Klia akileta flashi kutoka shuleni si inatoka kwangu?

#7 Lira_Boy
Mbona mmesahau Smadav? Ile ya kijani ya Waindonesia, kazi yake hasa ni flashi, na ya bure ipo. Steshenari nyingi nilizoingia huku kaskazini utaikuta.

#8 Fundi_Wandegeya
@Lira_Boy Smadav wenyewe wanasema programu yao ni ya kuongezea juu ya nyingine, siyo ya kukaa peke yake. Watu wanaiweka wanadhani wamemaliza.

#9 Arua_Mpakani
Nasoma hapa, watu wa Kampala mnaongea kama kila mtu ana WiFi ukutani. Defender nguvu yake kubwa iko mawinguni, ikikutana na faili isiyolijua inaenda kuuliza seva za Microsoft kwanza. Wale wapimaji wengine, AV-Comparatives wa Innsbruck, Austria, wanapima mara mbili, mashine ikiwa na intaneti na ikiwa haina, na ukiitoa Defender kwenye intaneti uwezo wake wa kutambua unashuka chini ya wenzake kadhaa wa kulipia. Tena unashuka vizuri tu. Kwa hiyo zile alama nzuri anazotaja Fundi kwenye #2 ni za kompyuta iliyounganishwa. Sasa sisi tunaonunua bando la siku, tunaingia kidogo tunatuma meseji tunatoka, kazi zote zinapita kwa flashi, tuko upande gani wa hicho kipimo? Na Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima siku za uchaguzi, ni nini kilikuwa kinatembea kama siyo flashi? Mi nalipia, na sababu yangu ndo hiyo, siyo kibox chekundu.

#10 Steshenari_Mbale
Webale nnyo Arua. Mwanaume mmoja mwenye akili humu.

#11 Fundi_Wandegeya
Hiyo hoja ina uzito, sibishi kipimo. Lakini kuna vitu viwili. Kwanza ya kulipia nayo bila apdeti inazeeka, ukikaa mwezi bila bando nayo inakuwa inatafuta wezi wa mwezi uliopita. Pili wengi wakiunganisha hotspoti ya simu wanawasha ule mpangilio wa kubana data ili Windows isile bando, hawajui apdeti za Defender nazo zinaweza kukwama hapo hapo. Halafu wanasema Defender imelala. Kama uko mbali na intaneti, Microsoft wana faili la apdeti linaitwa mpam-fe.exe, unalishusha mahali penye mtandao, ni kubwa, linapita MB mia, unalibeba kwenda nyumbani unalibonyeza mara mbili basi.

#12 Arua_Mpakani
Unalibeba na nini? 😀

#13 Fundi_Wandegeya
Na flashi 🙆 haya umenishika.

#14 Mutukula_Trader
Ukweli mnaukwepa. Hizi kampuni ndizo zinatengeneza hivyo virusi, halafu zinatuuzia dawa. Jiulizeni mbona haviishi.

#15 Kasese_Milimani
@Mutukula_Trader hiyo naisikia tangu niko sekondari na sijawahi kuona mtu analeta ushahidi. Haviishi kwa sababu vinaleta pesa vyenyewe, havihitaji kampuni. Ila usidhani hao wauzaji ni malaika. Avast walikuwa wanakusanya kurasa ambazo watu wanatembelea na kuziuza kupitia kampuni yao ndogo inaitwa Jumpshot, ikaanikwa Januari 2020 wakaifunga, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawadai dola milioni 16.5. Norton nao 2021 waliingiza mtambo wa kuchimba sarafu ya Ethereum ndani ya Norton 360, mteja alikuwa anachagua kuuwasha, wao wakawa wanakata asilimia 15. Programu unayoilipia ikulinde na wachimbaji ilikuja na kichimbio chake. Na msihesabu majina mkadhani ni kampuni nyingi, Avast ilinunua AVG 2016, halafu Norton na Avast wakaungana 2022, sasa yote hayo yako chini ya Gen Digital.

#16 Mutukula_Trader
Si ndo nilichosema?

#17 Kasese_Milimani
Hapana, sicho ulichosema hata kidogo.

#18 Dada_wa_Jinja
Naomba niseme kitu kuhusu hiyo ya kulipia maana kwetu ilikuwepo, halali, kii imenunuliwa. Kaka yangu anapiga picha na video za kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya harusi, wikendi kila wiki yuko kwa watu. Alitaka programu ya kuhariri video, ile ya kununua ni ghali, akaenda kutafuta kraki, yaani ile iliyovunjwa leseni utumie bila kulipa. Kwenye ukurasa wa kushusha pameandikwa kabisa "zima antivairasi kwanza, la sivyo haitafanya kazi". Antivairasi ikapiga kelele, akaizima kwa mkono wake, akaendelea. Jioni kila picha imeongezewa herufi nne mwisho wa jina, hazifunguki, na kwenye kila folda kuna faili la _readme.txt linasema lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unapunguziwa nusu, 490. Picha za kwanjula ya watu! Bibi harusi anapiga simu asubuhi na jioni, shangazi zake nao wanapiga, ikabidi aombe picha za simu kwa wageni ili wapate angalau albamu.

Sasa niambieni hiyo ya kulipia ilimsaidia nini?

#19 Fundi_Wandegeya
Pole sana. Hiyo kwa dalili hizo ni familia ya virusi vya kufunga faili inaitwa STOP/Djvu, yenyewe inapenda watu wa nyumbani na njia yake ni hizo kraki. Kuna kampuni inaitwa Emsisoft ilitoa kifunguo cha bure Oktoba 2019, lakini kinafungua vizuri pale virusi vilipotumia ufunguo wa nje ya mtandao, yaani vilishindwa kuongea na seva ya mabwana zao wakati vinafunga faili. Kama viliongea, ufunguo ni wa mashine yako peke yako na wanao wao. Mwambie kaka asifute zile picha, aziweke kwenye hadidiski pembeni, kuna mradi wa No More Ransom ambao polisi wa Ulaya walianzisha na wenzao 2016, unapandisha faili moja wanakuambia kama dawa ipo.

#20 Arua_Mpakani
Angalieni hiyo, yaani bando likiisha katikati ya kushambuliwa unaweza kupona. Huku kwetu tuna bahati 😂

#21 Steshenari_Mbale
@Dada_wa_Jinja pole mpenzi, lakini hiyo siyo kosa la antivairasi. Ilipiga kelele akaizima. Mtu ukimfungulia mwizi geti utalaumu kufuli?

#22 Dada_wa_Jinja
Silaumu kufuli, nasema yule wa bure naye angepiga kelele vile vile na angezimwa vile vile. Elfu hamsini na tano ilinunua kelele.

#23 Mtoto_wa_Bombo
Na ile kubwa ya 2017 iliyofunga hospitali za Uingereza, WannaCry, nakumbuka walisema waliokuwa na antivairasi ya kulipia ndo walipona.

#24 Kasese_Milimani
@Mtoto_wa_Bombo hapana, waliopona vizuri ni waliokuwa wameapdeti Windows. Kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu, kilitoka Machi 2017, WannaCry ikaanza Mei 12, miezi miwili kasoro. Haikuhitaji mtu abonyeze kitu, ilikuwa inatambaa kwenye mtandao kutoka mashine hadi mashine kupitia tundu moja la Windows la kushirikishana faili. Na wewe uliye na XP tangu zamani, Microsoft waliacha kuihudumia 2014, ilibidi watoe kiraka cha dharura siku ile kwa kuwahurumia watu kama wewe.

#25 Mtoto_wa_Bombo
Nimesema TANGU XP, sijasema bado niko XP. Someni vizuri vijana. Niko Windows 7.

#26 Kasese_Milimani
Mzee!! Hiyo nayo ilikufa Januari 2020.

#27 Mama_Fortportal
Tukiwa hapo kwenye kufa, mtoa mada amesema Windows 10 na hakuna hata mmoja aliyeligusa hilo neno. Microsoft waliacha kuitolea viraka vya bure 14 Oktoba 2025. Defender ndani yake itaendelea kupata orodha za virusi mpaka Oktoba 2028, hilo walisema, lakini orodha siyo kiraka, matundu mapya ya Windows yenyewe yanabaki wazi na hakuna antivairasi, ya bure ama ya pesa, inayoziba tundu la Windows. Kuna mpango wa kuongeza mwaka mmoja wa viraka mpaka Oktoba 2026, ni dola 30 ama bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa hiyo Klia kama una pesa ya kutoa, itoe huko kabla ya kwenda dukani.

#28 Klia_wa_Malaba
Nipo nasoma, asanteni. @Mama_Fortportal na Windows 11 je, siwezi kuhamia tu?

#29 Mama_Fortportal
Inategemea laptopu. Inataka TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane hivi. Hizi zetu za mtumba zinazokuja na kontena kutoka Uingereza na Dubai nyingi ni kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Ndiyo maana wenzetu walizitupa.

#30 Tux_Gulu
Nilikuwa nasubiri hapa. Wekeni Linux Mint badala ya Windows, ya bure, laptopu ya kizazi cha nne inakimbia, virusi vya shotikati vya flashi havijui hata pa kuanzia. Uzi umeisha.

#31 Steshenari_Mbale
Nilijua atakuja 😂 kila uzi lazima atokee mmoja. Na mwalimu fomula zake za maksi za Excel zikivurugika utakuja Malaba kuzipanga?

#32 Tux_Gulu
LibreOffice, ile ofisi ya bure, inafungua Excel mama.

#33 Steshenari_Mbale
Inafungua. Sijasema haifungui. Nimeona inavyofungua, majedwali yamekimbilia ukurasa wa pili na mwalimu mkuu anasubiri riport kadi.

#34 Boda_Digital
Mimi naona mnapigana na kitu kimoja wakati vingine vinapita. Tangu Facebook ifungwe hapa nchini Januari 2021 watu wanaingia kwa VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, na nyingi ni zile za bure ambazo hujui ni ya nani, ameiweka wapi seva na anaishi kwa nini. Na kabla ya hapo 2018 ilikuwa ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi mia mbili kwa siku, kila mtu alikimbilia VPN. Unapitisha kila kitu chako kwa mtu usiyemjua halafu unauliza nilipe antivairasi ama nisilipe. Hizi za kulipia siku hizi zinakuja na VPN ndani, mi hapo ndo naona pesa inaeleweka.

#35 Kasese_Milimani
@Boda_Digital soma tena kifurushi chako, VPN inayokuja na vifurushi vingi vya bei ya chini ina kikomo cha data kwa siku, ukitazama video mbili imekwisha. Kwa VPN nunua VPN.

#36 Lira_Boy
Na zile kii za madukani za bei rahisi nazo? Niliuziwa moja, ikafanya kazi vizuri kisha siku moja imeandika leseni imetumika kwenye mashine nyingi kupita kiasi. Kumbe kii ya watu watano tumegawiwa sijui wangapi. Duka ukirudi anakuambia ongea na kampuni, kampuni nayo inauliza risiti, risiti yenyewe imeandikwa "kompyuta vifaa".

#37 Arua_Mpakani
@Lira_Boy hapo ni kweli, mi nanunua ile ya boksi ambayo wino wa kukwangua haujaguswa, na naiwasha hapo hapo dukani mbele ya muuzaji. Ukinunua mtandaoni kwa kadi uangalie bei ya mwaka wa pili, ya kwanza ni ya kukuvuta, ya pili wanajikatia wenyewe tena kubwa kuliko.

#38 Fundi_Wandegeya
Klia, turudi kwako. Kabla hujalipa ama kuacha kulipa, kuna kitu lazima ukijue: ukiweka antivairasi nyingine, Defender inajiweka pembeni. Sasa hiyo yako imeisha kii lakini bado imekaa kwenye mashine, inawezekana yenyewe hailindi na Defender nayo hailindi, kila mmoja anadhani mwenzake yuko zamu. Fungua Windows Security, ingia kwenye ulinzi wa virusi, uone ni jina la nani linaonekana. Kisha ondoa kabisa ile iliyoisha, kwa kile kifutio ambacho kampuni yenyewe inatoa kwenye tovuti yake, siyo kufuta aikoni tu pale mezani kama wengine. Washa upya. Halafu skani kamili, siyo ile ya haraka. Acha ifanye usiku kucha.

Na ukiwa humo ndani tafuta kitu kinaitwa Controlled folder access, kipo tangu 2017, kinakuja kimezimwa. Ukikiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kugusa folda za nyaraka na picha. Kingeweza kumsaidia yule kaka wa Jinja.

#39 Dada_wa_Jinja
Asingekizima?

#40 Fundi_Wandegeya
Angekizima.

#41 Steshenari_Mbale
Na nakala Klia, hadidiski ya nje, maksi za mwalimu zikae mahali pawili. Hapo hata mimi na Fundi tunakubaliana. Usiiache imechomekwa muda wote, virusi vikija vinafunga na hiyo.

#42 Mtoto_wa_Bombo
Hadidiski ya nje ya mtumba shilingi ngapi sasa hivi Kampala? Naulizia rafiki.

#43 Kasese_Milimani
Rafiki wa Windows 7 😂 nunua mpya mzee, ya mtumba hujui imeanguka mara ngapi.

#44 Klia_wa_Malaba
Wakuu nimerudi. Nimeondoa ile iliyoisha, kibox chekundu kimepotea, mtoto amefurahi. Ni kweli Defender ilikuwa imejizima, nimeiwasha, nimeapdeti, imeskani usiku kucha. Asubuhi imeniletea kitu kimoja tu, inaandika HackTool:Win32/AutoKMS. Hiyo ni nini? Mimi sijawahi kushusha kraki yoyote, na Windows yangu ni halali, fundi aliyeniwekea alinihakikishia.

#45 Tux_Gulu
😂😂😂😂

#46 Lira_Boy
Halali kabisaaa

#47 Fundi_Wandegeya
Ndugu yangu, hiyo ndiyo inayoifanya Windows yako ionekane imenunuliwa. Aliyekuwekea hakukuwekea na leseni.

#48 Mutukula_Trader
Mnaona sasa! Hicho siyo kirusi, kinamsaidia mtu, Microsoft wanakiita kirusi kwa sababu kinawanyima pesa. Ndo maana mi sitaki antivairasi ya mwenye duka. Ya kulipia ya nje isingekigusa.

#49 Kasese_Milimani
Ya kulipia nazo zinakikamata, nyingi tu. Na chenyewe mara nyingine ni kile kile, mara nyingine kimebebeshwa mzigo mwingine njiani, huwezi kujua kwa jina. Mimi ningekitoa.

#50 Arua_Mpakani
Mimi ninacho, nimeiambia Defender ikiruhusu nilipokuwa bado naitumia, na ya kulipia nayo nimeiambia. Hakijanifanya kitu.

#51 Dada_wa_Jinja
Kaka yangu alisema hivyo hivyo mchana.

#52 Klia_wa_Malaba
Sasa niifute ama niiache? Nikiifuta yale maandishi ya pale pembeni, yale ya kuambiwa uilipie Windows, yatatokea?

#53 Fundi_Wandegeya
Yatatokea.

#54 Klia_wa_Malaba
Na mtoto ataanza kuuliza tena.